Stearingi Imekaza, Mikono Bado

Jumamosi.

Kumbe aliyelegea ni mimi, si gari. Miaka yote stearingi ilikuwa inacheza sana kabla tairi isikie, na mimi nairudisha tu, kushoto, kulia, kama mtu anabembeleza mtoto. Dereva mwingine hapa Riruta angeweza? Hayuko.

Lakini Mama Rose, bibi yangu, alikataa kupanda tangu ile siku tulikaribia kuingia chini ya lori. Kila Jumapili anaenda kanisa Jamhuri na miguu, mimi namfuata pole pole na gari kama askari wake.

Leo fundi amelala chini ya gari akasema, "Mzee, tingisha stearingi." Nikatingisha. Macho ikafunga yenyewe, nikajiona barabara ya kwenda nyumbani Kakamega, miwa huku na huku, Mama Rose kando yangu akimenya machungwa...

"Mzee, wacha! Nimemaliza kitambo!"

Ameweka tairodi mpya, ile chuma inashikanisha stearingi na tairi. Nikajaribu gari, ikayumba kama mlevi. Fundi akacheka, "Gari iko sawa. Ni mikono yako inacheza. Shika tu, utulie."

Nilicheka pia, lakini niliogopa. Mama Rose akiona hivyo, hatapanda tena maisha.

Jioni nikashika sahani ya ugali, mikono ikaanza. Kushoto, kulia.

"Baba Rose, unaenda wapi na hiyo sahani?"

"Kakamega."

Akanishika mkono mpaka ukatulia. "Anza na kanisa kesho. Nitakaa mbele."