Kumbukumbu za Kikao cha Familia cha Kumpa Mbwa Mpya Jina

TAREHE: Jumapili, 14 Juni
MAHALI: Sebuleni

WALIOHUDHURIA: Baba, fundi cherehani (Mwenyekiti); Mama; Mjomba, kaka yake Mama, anayeishi kwetu; Kitinda mimba, miaka minane; Dada mkubwa (Katibu).

ASIYEKUWEPO: Bibi, mama yake Baba. Alisema amelala.

MHUSIKA: Mbwa. Alilalia kiatu cha Mjomba karibu kikao kizima.

KUMB. NA. 1: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa kumi jioni, akaeleza kwamba mbwa tunaye wiki ya tatu sasa na bado anaitwa "wewe". Aliwaomba wajumbe wawe na adabu. Mjomba alitaka kujua kwa nini ametazamwa yeye.

KUMB. NA. 2: MAPENDEKEZO
Mjomba alipendekeza Steringi, yaani yule wa kwenye filamu anayerushiwa risasi zote na hafi. Alisimama kuonyesha, taa ya mezani ikaanguka. Mama alipendekeza Jenerali, kwa kuwa mbwa huyu ni kuamrisha tu, kazi hafanyi. Katibu alipendekeza Inspekta. Hakuungwa mkono na mtu, na anaomba hilo likumbukwe.

Mwenyekiti alisema majina ya filamu ni utoto. Mjomba alimkumbusha shemeji yake kwamba juzi alilia mbele ya televisheni. Mwenyekiti alieleza kwamba yalikuwa mafua.

KUMB. NA. 3: JINA LA UKOO
Kitinda mimba alikubali Steringi, ila lifuatwe na jina letu la ukoo. Mwenyekiti alikataa katakata. Alisema hilo ni jina la marehemu baba yake, na mtaani watasema amemwita mzee wake mbwa.

Kitinda mimba alieleza kwamba kila jioni Baba hutuita mmoja mmoja kwa jina kamili, na hafungi mlango mpaka wote tuitike. Mbwa wetu wa kwanza hakuwa na jina la ukoo, hakuitwa. Alifungiwa nje, akagongwa na gari. "Baba, ungemwita angekuja," alisema. "Si alikuwa anakuja akiitwa?"

Mama alimpakata. Mwenyekiti aliinama kutafuta kitu chini ya kochi, hakukipata. Kisha akasema, "Ni kweli, mwanangu. Sikumwita." Haikuwa sauti ya uenyekiti.

Mjomba alisema yeye si wa ukoo huu, lakini tangu ahamie hapa huitwa kwa jina hilo kila jioni, na hajawahi kulalamika.

Bibi, aliyekuwa amelala, alipaza sauti kutoka chumbani: "Mwenye jina alikuwa mume wangu. Mpeni!"

KUMB. NA. 4: UAMUZI NA KUFUNGA
Iliamuliwa: Steringi, pamoja na jina la ukoo. Mwenyekiti alikwenda mlangoni akaliita lote, kwa sauti yake ileile ya kila jioni. Mbwa hakufumbua hata jicho. Wajumbe waliomba kikao kifungwe, wana kazi. Mwenyekiti alikataa. Aliita, akaita tena, mpaka mbwa akainuka, akamfuata mlangoni, akabweka.

Kikao kilifungwa saa kumi na mbili kasoro robo.

Mwenyekiti: (sahihi) Baba
Katibu: (sahihi) Dada mkubwa