Mbonea Hakutupwa

Shamba la mkonge, karibu na Korogwe
Jumapili, 12 Agosti 1951

Kaka yangu mpendwa Eliamani,

Shikamoo, kaka. Naandika nimeketi juu ya debe lililopinduliwa, karatasi iko magotini, kwa hiyo mistari ikipanda na kushuka kama njia ya kwetu, usinisahihishe kwa wino mwekundu. Wewe ni mwalimu wa watu wengi, lakini leo nisome kama kaka. Mama anaendeleaje na kifua chake? Wifi amepata nafuu ya mguu? Ukungu bado unashuka hadi mlangoni asubuhi? Huku hatuujui ukungu. Sisi ni wazima. Baba Mbonea alichomwa na mwiba wa mkonge karibu na jicho, likavimba siku nne, sasa anaona vizuri na amerudi kukata. Joto ndilo limetuzoea, sisi bado hatujalizoea.

Barua yako niliipata kwa mkono wa yule fundi wa reli wa Makanya. Nimeelewa yote. Mama anadhoofika na anataka kuniona. Wazee wa kanisa wamekaa na jumbe, wamekubaliana turudi, mimi na mume wangu, tusimame mbele ya watu tuseme "tumekosa", kisha yaishe, turudishwe kwenye zamu ya maji na kwenye meza ya Bwana. Umeandika, "Dada, hawataki maelezo. Ni neno moja tu."

Jibu langu ni hapana. Nalitanguliza ili usihangaike kulitafuta kurasa zote.

Sasa nikueleze sababu, bila hasira, maana wewe ndiye uliyenifundisha herufi kwa kijiti kwenye majivu, nami sijawahi kukupandishia sauti.

Siku ile ya msaragambo kijiji kizima kilikuwa kazini, na ndiva, bwawa letu la mfereji, ilikuwa imefunguliwa maji yote tuichimbe tope kabla ya vuli. Wewe ulikuwa upande wa juu na wanaume. Mimi nilikuwa kwenye mstari wa wanawake, tukipokezana karai. Watoto walikuwa kwenye kivuli cha migomba, na unajua desturi yetu, siku ya msaragambo mtoto wa mmoja ni mtoto wa wote. Kama mnatafuta kosa, kaka, kosa ni hilo: kila mama alimwona Mbonea, na kila mama alidhani mwenzake ndiye anayemwangalia. Nami ni mmoja wa akina mama hao, sijitoi. Nilimwona mara ya mwisho ameshika jani la mgomba, anafuata mfereji mkavu. Akaniuliza, "Mama, maji yamekwenda wapi?" Nikamwambia, "Yamelala, yatakuja kesho." Akasema, "Basi nikayaamshe." Nikacheka, nikageuka kupokea karai. Uzito wa tope la karai lile naujua mikononi hata leo.

Pembe ya kumtafuta ililia mpaka jioni. Siku tatu watu walitafuta, na juu ya siku hizo tatu sina neno baya. Hata shangazi Nakijwa alishuka korongoni na magoti yake mabovu. Siku ya nne watu walipumzika, na walipopumzika ndipo walipoanza kusema.

Walianzia machoni pangu. "Mama gani huyu halii?" Mlisahau kwamba mama mkwe wangu alinishika mkono mbele yenu wote, akasema, "Aliyepotea haliliwi. Ukimlilia umemfungia njia." Wazee wetu ndivyo walivyofanya, na hakuna aliyembishia siku ile. Basi nikafanya nilivyoambiwa. Kila alfajiri nilifagia njia mpaka kwenye mfereji, na mlango sikuuwekea komeo. Kilio nilikimeza kama mtu anavyomeza mfupa. Wanawake niliopokezana nao karai wakapita wakinitazama, wakaambiana, "Halii kwa sababu anajua alipo."

Baada ya hapo wakaongeza. Huyu akasema tumemuuza kwa mumiani, gari lilisubiri kule bondeni. Yule akasema mume wangu hakuwa baba yake, kwa hiyo alimmaliza kwa wivu. Mtoto mmoja, kaka, wakamuua kwa njia mbili, na njia ya tatu ilikuwa bado.

Hiyo ya tatu ilitoka kinywani mwako.

Usiiweke barua chini. Soma tu.

Mbonea alipoota meno, meno mawili ya juu yalitangulia. Tuliojua tulikuwa watano: mimi, mume wangu, mama mkwe, shangazi Nakijwa na wewe. Ulikuwa umekuja kutuletea mbegu za maharage, ukakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Shangazi alimfunua mdomo mtoto, akasema, "Huyu ni kigego. Mnajua la kufanya, na mnajua mwamba wanakotupwa uko wapi." Mama mkwe alijifunika uso. Mume wangu alimchukua mtoto mikononi mwa shangazi, akamtazama, akasema, "La kufanya ni kumtafutia cha kutafuna." Ukacheka wewe, kaka! Ulicheka mpaka ukaangusha mbegu. Nilimpa mtoto mwiko wa kusongea ugali, akauuma. Shangazi akaondoka amenuna, akasema tutaona. Jumapili iliyofuata alibatizwa, na jina lake kwenye kitabu uliliandika wewe kwa mkono wako.

Kwenye baraza, jumbe aliuliza, "Kuna mtu anayejua jambo lolote juu ya mtoto huyu?" Ukasimama. Wewe hujui kusema uongo, tangu utoto hujui. Ukasema, "Meno yake ya juu yalitangulia." Ukakaa. Kweli tupu! Ila ulijibu kama mtoto wa shule anavyomjibu mwalimu, ukajibu ulichoulizwa na usiongeze. Hukusema kwamba tulikataa. Hukusema kwamba ulicheka. Watu waliguna wote kwa pamoja, na nilipousikia mguno ule nilijua kwamba Mbonea hatafutwi tena.

Wiki hiyo hiyo wakaja askari kutoka Same. Ulikuwa shuleni, hukuona. Wakasema wametumwa na Bwana Shauri wa wilaya kuchimba ndani ya nyumba. Mmoja alikuwa hana jembe, nikampa langu. Akaniuliza, "Mama, huogopi?" Nikamwambia, "Chimba, baba. Ukimpata mwanangu nitakupikia." Wakachimba chini ya kitanda, wakachimba jikoni, wakachimba mgombani. Walipata kijiko kilichopotea zamani na gunzi la hindi. Yule askari alipoondoka alinirudishia jembe limesafishwa. Jirani zetu waliokuwa wamejaa uani hawakurudisha hata udongo kwenye shimo. Tulifukia wenyewe, mimi na baba Mbonea, na miezi michache baadaye, wanawake waliponipita kwenye mfereji na zamu yetu ya maji ikapewa nyumba nyingine, tulishuka huku.

Mnasema tulikimbia. Sawa. Lakini sikia tulikokimbilia.

Hapa shambani kuna banda la watoto wa manamba. Mama zao wanapokwenda kwenye mashine za kusafishia mkonge, watoto hubaki kwa mwanamke mmoja. Mwanamke huyo ni mimi. Kila siku kabla ya jua nakabidhiwa watoto, wengine bado wananyonya. Sikuficha jina. Waliponiuliza niitwe nani, nikasema, "Mama Mbonea." Walipouliza Mbonea yuko wapi, nikasema amepotea, tunamtafuta. Wakaniachia.

Mwezi uliopita akaja mkataji mpya, mtu wa kwetu, simtaji. Jioni moja alikula makande niliyopika, akashiba, akaenda kuwasimulia wenzake kambini kuwa mwanamke wa bandani alimtupa mwanawe mwambani. Asubuhi nikawakuta akina mama wamesimama mlangoni pa banda, watoto migongoni, hakuna anayeingia.

Mama Zainabu, mtu wa pwani, ndiye aliyeanza. "Mama Mbonea, tumesikia maneno."

"Nami nimeyasikia. Mimi ndiye niliyetangulia kuyasikia, kwetu."

"Ni kweli?"

Nikawaambia yote, kaka, kuanzia meno mpaka jembe la askari. Sikulia. Mmoja akasema, "Mbona husemi mtoto yuko wapi?" Nikamwambia, "Kwa sababu sijui. Ningejua ningekuwa nimesimama hapo alipo."

Kisha mama Stefano, mwanamke mmoja wa Songea mwenye maneno mengi, akasema, "Mimi sijui milima yao. Mimi najua kwamba mwanangu nikija kumchukua jioni analia, hataki kurudi kwangu. Na huyo mpasha habari, nani kamwachia hata kuku?" Wakacheka. Akaingia wa kwanza, akanipa Stefano. Mama Zainabu alimrudisha wake nyumbani siku ile na siku ya pili. Siku ya tatu alikuja, akamweka mtoto mapajani mwangu bila kunitazama, akasema, "Alikuwa na homa." Nikasema, "Pole." Hakuwa na homa. Tumeishia hapo, na sasa ananiletea mbata.

Juzi mama Stefano ananiita kwa kelele, "Mama Mbonea, njoo uone! Wenzake wanaanzia chini, huyu kaanzia ghorofani!" Amemfunua Stefano mdomo, meno mawili ya juu, meupe kama punje za mchele. Anacheka, anamzungusha mtoto kwa kila mtu amwone. Nilisema naenda kuchota maji. Nilikaa nyuma ya banda nimeshika ndoo tupu, na nilikaribia kulia, kaka, baada ya muda wote huu. Sikulia. Nilirudi nikamchukua Stefano, nikampa ule mwiko. Ndiyo, ninao. Ndio ninaopikia. Kwenye ukingo una alama mbili za meno ya Mbonea, na kila nikisonga kidole changu kinapita juu yake. Stefano aliuma pembeni yake. Sasa alama ni nne.

Kwa hiyo nisikilize. Mnataka niseme "tumekosa", na wewe unasema ni neno moja. Neno hilo mkilipata mtafunga kazi. Hakuna atakayeinua jiwe tena, hakuna atakayemuuliza mpita njia, hakuna atakayesimama akimwona kijana wa makamo yake sokoni Same. Mtakuwa mmemzika mwanangu bila mwili, na jembe mtakuwa mmenishikisha mimi. Naweza kukosa maji ya mfereji. Naweza kukosa meza ya Bwana, naye Bwana anajua kwa nini kiti changu ni kitupu. Hilo neno sitalisema, hata Mama akiniita kwa jina langu la utotoni. Unajua navyompenda Mama.

Lakini nitakuja.

Msaragambo wa ndiva mwaka huu utakuwa mwezi ujao, kama kawaida. Nimekwisha kuomba ruhusa kwa karani, na mama Stefano atashika banda. Nitashuka Makanya, nitapanda kwa miguu, nitamwona Mama kwanza. Asubuhi ya kazi nitakuja na jembe langu, lile lile. Nitasimama kwenye mstari wa wanawake na kunyoosha mikono. Asiyetaka kunipa karai na aliweke chini, nitaliokota. Baba Mbonea atasimama upande wa juu, karibu nawe.

Jumbe atauliza, namjua. Sikuombi unitetee wala useme usilolijua. Nakuomba ukamilishe jibu lako. Ulikuwapo kwenye kigoda, ulisikia alichosema shangazi na alichosema mume wangu, ulicheka, uliandika jina. Simama useme hayo, kisha ukae. Na usipoweza, kaka, nitasimama mwenyewe niyaseme, nawe utakuwa unanisikiliza. Kwa vyovyote vile yatasemwa mwaka huu.

Sina kinyongo. Nikifikiri juu yako, naona mbegu za maharage zikibingirika sakafuni na wewe ukizifukuza kwa magoti, na Mbonea akikutazama, mwiko mdomoni.

Msomee Mama barua hii yote, usiruke mahali. Mwambie anisubiri, asiwe na haraka ya kwenda popote. Mama mkwe wangu mpe shikamoo, mwambie najua bado haweki komeo mlangoni, fundi wa reli aliniambia, nami nimemshukuru kwa kila usiku. Wifi yangu aupumzishe mguu, nitamletea mafuta ya nazi ya kuuchulia. Shangazi Nakijwa naye msalimie, usimpite. Alishuka korongoni, sisahau. Mwambie nitakula kwake makande siku moja, na azungumze nami usoni. Watoto wako wote wabusu kwa niaba yangu.

Baba Mbonea anakuamkia. Kalamu anaiogopa, lakini ameisikiliza barua hii mwanzo mpaka mwisho, akasema tu, "Mwambie tunakuja."

Mkikaa kula jioni, nikumbukeni. Msiniite dada wa mwalimu, wala yule mwanamke wa mkonge. Nikumbukeni kwa jina ambalo mtoto mmoja alinipa, ambalo hakuna baraza linaloweza kuninyang'anya.

Ni mimi ndugu yako,
Mama Mbonea