Kamba Anayelia Kama Bunduki

Jumapili, mwezi wa nane, 1961. Upepo wa ziwa tangu asubuhi, vumbi mpaka ndani ya chai. Sina amani hata kidogo.

Leo askari wa doria wameingia kwangu kutafuta bunduki. Sina bunduki. Nina kamba wa bahari, urefu wake kama kidole, ambaye akibana gando lake kubwa hutoa mlio kama risasi. Shemeji yangu anayefanya kazi kwenye meli ya Kigoma inayovuka ziwa kuja huku kwetu aliniletea, pamoja na kisamaki rafiki yake na madumu ya maji ya chumvi kutoka Dar es Salaam. Majirani wameuzoea mlio huo. Doria haijauzoea.

Walikuwa watatu. Serija, mkubwa wao, akaniwekea mtutu kifuani.

"Papa, tumesikia risasi humu. Bunduki iko wapi?"

Nikaonyesha tangi la kioo. "Hakuna bunduki, chef. Njo huyu kamba anayepiga."

"Unanichezea? Basi apige, tusikie."

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kamba huyu haoni vizuri. Yeye huchimba shimo, kisamaki husimama mlangoni, na kamba akitoka huweka sharubu moja juu ya mwili wa mwenzake. Kisamaki akiona cha kutisha hutikisa mkia, na wote wawili huzama shimoni. Sasa mbele ya kioo wamesimama wanaume watatu wenye mabuti. Nani angetoka?

Nikawaambia wakae chini, tena wasitikisike. Sijui ulimi huo niliutoa wapi. Mke wangu, Mama Julienne, alijifunika uso kwa kitenge.

Wakakaa.

Tulikaa mpaka miguu ikafa ganzi. "Akikataa, tunakwenda na wewe kambini," serija alininong'oneza. Nilimwomba Mungu kwa ajili ya kamba, na padri asisikie. Mwishowe kisamaki akatoa kichwa, akatazama, akatoka. Nyuma yake ikaja sharubu, kisha kamba mwenyewe na mzigo wake wa mchanga. Akaumwaga, akageuka, akalibana gando.

Tak!

Askari mmoja akaanguka chali, bunduki juu. Serija akaudaka mtutu, halafu akacheka mpaka machozi. Mimi sikuweza kucheka. Mlangoni serija aligeuka, uso umerudi kuwa wa kazi.

"Papa, zamu yetu inaisha leo. Kesho wanakuja wengine. Wale hawakai chini."

Mama Julienne hakungoja hata mabuti yatoke uani. "Umutoe huyo kamba leo leo. Watoto wangu hawatakufa juu yake."

Ana haki. Lakini kumtoa ni kumuua. Nikimtia ziwani hafiki jioni, maji yale hayana chumvi.

Nilikunja shati, nikaingiza mkono. Nakiri, nilitegemea kisamaki atikise mkia, wote wazame, nami nimwambie mke wangu nimeshindwa kumkamata.

Hakutikisa.

Mkono huu ndio unaowalisha kila siku. Kisamaki alitulia mlangoni. Na kamba, kwa kuwa mwenzake hakuogopa, akaja mpaka katikati ya vidole vyangu akiendelea na kazi yake ya mchanga. Ilibaki kufumba ngumi tu.

Nimeutoa mkono mtupu. Mbele ya mtutu niliona hofu. Mbele ya kisamaki yule nimeona aibu, na bado ninayo.

Mama Julienne amekwenda na watoto kwa dada yake, bila kuniaga. Simlaumu. Nyumba imenyamaza, ila tak ya mara moja moja, na kila ikilia natazama mlango.

Kesho asubuhi, kabla doria mpya haijatoka, nitakwenda kambini mwenyewe. Nitawaambia nyumbani kwangu kuna kitu kinachopiga kama bunduki, waje wakione. Je, wataningoja nimalize kusema?