Mkono Usio na Bangili

Mama Kamli,

Mwanao alinipigia simu asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya kupeleka maziwa hapa Mukurweini, mtungi wa mama yangu mkononi. Alisema polepole, kwa Kihindi cha kuokoteza ninachokielewa: Mama ametutoka. Nikamwomba arudie. Kisha zamu yangu ikafika, nikamimina maziwa, mpimaji akanisalimu, nami nikamjibu kwamba sijambo.

Wiki tatu zimepita. Kila nilipoanza barua hii niliandika kama mwanafunzi: kwamba ulikuwa mchoraji wa kabila la Warli, katika vilima vya magharibi mwa India, kwamba ulichora kwa unga wa mchele juu ya kuta nyekundu, kama mama yako na mama yake. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalofanana nawe. Wewe ulikuwa mtu wa kutafuna kijiti cha mwanzi hadi ncha yake iwe brashi, ukatema nyuzi, ukaniambia, "Wewe msomi, meno yako ni ya kuchekea tu?" Pembetatu mbili zinazogusana kwa ncha, huyo ni mtu, ndivyo ulivyonifundisha. Watu wangu walitoka wanene. Ukawatazama sana, ukasema hao wamekula chakula chote cha harusi, sasa hawawezi kucheza.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya hayo. Nakuandikia kwa sababu ya picha.

Kijijini kwenu, mraba wa harusi, wenye mungu wa kike katikati, huchorwa ukutani na wanawake ambao waume zao wangali hai. Ulikuwa umechora miraba mingi kuliko yeyote. Kisha mumeo akafa, ukavua bangili kama wajane wote wa kwenu, ukawa mtu wa kuketi kizingitini na kuelekeza kwa kidole. Siku ya harusi ya mpwa wako, mchoraji aliyeteuliwa alishikwa na homa, akaacha katikati pakiwa patupu. Watu walikuwa wameenda mtoni. Uliniambia, "Funga mlango." Ukamchora mungu kwa muda wa chungu cha wali kuiva, mimi nikikushikia bakuli. Ulipomaliza ulinawa vidole, ukacheka: "Mungu huyu hakuniuliza kama nina mume."

Kabla hujamaliza, niliweka bakuli chini nikaupiga picha mkono wako. Hukukataa. Sasa natambua kwamba hukukubali pia.

Katika tasnifu yangu sikutaja jina lako wala la kijiji, na nilijisifu kwa uangalifu huo. Nikaiweka picha, nikaandika chini yake kwamba hapa mkono wa mjane unajikomboa. Wahadhiri waliipenda sentensi hiyo. Sikuona kile ambacho jirani yako yeyote angekiona mara moja: kifundo kisicho na bangili, na zile nukta saba zilizochorwa ngozini kwa sindano ulipokuwa msichana. Binti mmoja wa kwenu aliyesoma chuoni kwetu huko India aliufungua ukurasa ule, akautambua mkono, akapeleka habari kijijini. Tangu hapo hukuitwa tena harusini, hata kuketi kizingitini. Mpwa wako akaacha kukutembelea.

Na wala hukuwa unajikomboa. Ulitaka tu mpwa wako aolewe siku hiyo. Au pengine hili nalo nimelitunga, kwa kuwa linanitesa ipasavyo.

Habari ziliponifikia nilikuwa nimesharudi huku kwetu Nyeri. Nilikupigia, nikaomba radhi kwa maneno ambayo labda hayakuwa Kihindi hata kidogo. Ukaniuliza, "Umekula?" Nikasema nimekula. Ukauliza kama kwetu mvua imenyesha. Basi tukazungumzia mvua.

Mwanao anasema nakala ya tasnifu niliyokutumia uliifunga kitambaa, ukaitunza ndani ya pipa la mchele, na kwamba wageni walipokuja uliwafungulia ukurasa wenye mkono wako. Hukujua kusoma. Je, ulikuwa unajivunia, au ulikuwa unawaonyesha nilichokutenda? Zamani ningejibu kwa sura nzima. Leo sijui, Mama. Sijui.

Baba yangu alifariki mwaka uliopita. Jumamosi wakwe wa dada yangu Wangeci watakuja kwa ruracio, sherehe ya mahari, na mama amekwisha kujiweka nyuma. Hakuna aliyemwambia. "Wacha shangazi zako wapokee wageni," alisema, "mimi niko sawa huku jikoni." Ni kibanda cha udongo, cha zamani. Kwa hiyo nikaamua kukipaka: samadi, udongo mwekundu wa shambani mwetu, kisha mchele wa Mwea niliousaga mwenyewe. Jirani yetu alisimama uani akaniuliza, "Ati uko na digrii mbili na unapaka nyumba mavi ya ng'ombe?" Nikamwambia hiyo ndiyo digrii ya pili. Alicheka hadi akashika ukuta, na alama ya kiganja chake ingalipo pale.

Nilichora migomba, wachuma kahawa, na mduara wa wachezaji, wembamba safari hii. Katikati nikapaacha patupu. Mungu wenu si wangu wa kuchora.

Jana nilimkuta mama amesimama mbele ya nafasi ile. Nikampa kijiti. "Na nikiharibu?" akauliza. Kisha, polepole, akachora mtu mmoja, mnene, na kando yake mwingine, wameshikana mikono. Hakusema ni akina nani. Ameniambia leo asubuhi kwamba Jumamosi wageni wote wataingia kwanza jikoni, na yeye ndiye atakayewakaribisha.

Simu yangu ilikuwa mfukoni alipokuwa akichora. Niliiacha humo.

Nimekiandikia chuo kiiondoe picha yako. Nakala zilizochapishwa hazirudi, najua, wala mpwa wako harudi kwa barua. Lakini nakuahidi hili: mkono wa mama sitauandika popote ila hapa, kwako. Mvua za masika zikiulowesha ukuta huu, nitaupaka upya, kama ulivyopaka wako kila mwaka, bila kuuomboleza.

Nenda salama, Mama Kamli. Nimekula. Na huku kwetu mvua imenyesha.

Nyambura