Tuliwapatanisha Mara Tatu

Mama Auleria, mshauri wetu, shikamoo. Naomba msaada wako na jina langu usilitaje. Mimi ni mwalimu mstaafu, katibu wa baraza la usuluhishi wa ndoa katika kata moja ya huku Biharamulo, na kwa miaka sita tumejisifu kwamba hakuna ndoa iliyofia mikononi mwetu, maana mwenyekiti ana utaratibu wake, mke na mume wakishasikilizwa wanaletewa ugali wa muhogo sahani moja, wakila pamoja mbele yetu naandika "wamepatana" na shauri limekwisha. Nyamizi (si jina lake halisi) alikuja mara tatu akisema mumewe, Malongo, anampiga, anaomba ile fomu ya kwenda mahakamani inayosema baraza limeshindwa kuwapatanisha, na mara zote tatu tulimletea ugali. Mara ya mwisho alikula kwa mkono wa kushoto nikamkemea, nikamwambia, "Mama, hata adabu ya kula imekushinda, ndiyo maana nyumba haitulii," naye akasema polepole, "Samahani mwalimu, huu wa kulia hauinuki," nikasikia, nikayaandika maneno yake kitabuni kama ninavyoandika kila kitu, halafu chini yake nikaandika wamepatana. Sasa yuko hospitali, taya limevunjika, hawezi kusema, Malongo anadai mkewe alianguka na pikipiki, watoto wao wawili anao yeye, na Kazimili, kaka yake Nyamizi, anakuja Jumatatu kuchukua nakala ya kumbukumbu zetu azipeleke polisi na mahakamani kuwaombea wale watoto. Mwenyekiti ananiambia, "Mwalimu, chana huo ukurasa, andika mwingine, huyo mwanamke hakulalamikia kipigo." Binti yangu ameolewa na kijana wa mwenyekiti huyohuyo, wanaishi naye ua mmoja, naogopa nikikataa atateswa yeye, na nikikubali nitamtazamaje mtu usoni. Naona aibu, mama. Nifanye nini?

Katibu, Biharamulo

Marahaba, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili imenikasirisha zaidi.

Kwa binti yako nakuonea huruma, hofu hiyo ni ya mzazi. Kwa mengine hapana. Nani aliwaambia kazi ya baraza ni kushinda? Sheria imewapa kazi ya kujaribu kuwapatanisha, na mkishindwa, kuandika kwamba mmeshindwa. Kuna aibu gani hapo? Usuluhishi ni wa watu wawili ambao kila mmoja anaweza kusema hapana. Nyamizi angeusukuma ule ugali mngemwandika mkorofi, na wewe unajua hivyo. Tena usimsingizie mwenyekiti, kalamu ulishika wewe.

Ukurasa usiuchane. Kuharibu ushahidi ni jinai, utakwenda jela na uzee wako. Usingoje Jumatatu. Leo hii toa nakala, moja ipeleke dawati la jinsia polisi, nyingine kwa ofisa ustawi wa jamii wilayani, na umwambie wazi watoto wa Nyamizi wanakaa kwa nani. Ya tatu mpe Kazimili mkononi. Polisi toa maelezo yako kwamba ulisikia mkono hauinuki na ukamrudisha kwa mumewe. Ile fomu isainiwe. Mwenyekiti akigoma, Kazimili amweleze hakimu, maana kukiwa na sababu nzito hakimu anaweza kusikiliza shauri bila fomu hiyo.

Binti yako mpigie simu kabla hujatoka nyumbani, aje kwako akae siku chache. Akikwambia kule ukweni kuna shida, msikilize, na usimpeleke kwenye baraza lenu.

Najua utatamani kupitia wodini ukaombe msamaha. Usiende. Taya limefungwa, hawezi kukataa, na ninyi mmeshampatanisha vya kutosha.