Umeniuliza Kama Paka Anaondoa Mawazo

Igoma, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua utaitikia marahaba kwa sauti hapo jikoni hata kama uko peke yako, kwa hiyo nangoja kidogo uitikie ndipo niendelee.

Barua hii usimpe Lea akusomee. Najua mjukuu wako ndiye macho yako siku hizi, na anavyopenda kusoma kwa sauti ya mwalimu, lakini hii vaa miwani usome mwenyewe pole pole, hata ikikuchukua siku mbili. Nimempa dada mmoja wa kanisani kwetu anayekuja Makambako harusini, ameahidi kumkabidhi kondakta wa basi la Makete. Ikifika imefunguliwa, basi, na wao watakuwa wamejua.

Goti linaendeleaje? Baridi ya huko mwezi huu naikumbuka vizuri. Viazi vya shamba la bondeni vimepona, au baridi imeunguza majani tena kama mwaka ule? Na Joshua, kile kikohozi kimemwacha? Mwambie mdogo wangu aache kulala na jiko la mkaa ndani, atakuja kutuachia msiba bure.

Mimi mwilini sijambo. Kwingine sina uhakika.

Jumapili uliniuliza kwenye simu kama huyu paka kweli amenisaidia, maana unafikiria kumpelekea mama mdogo paka mmoja, kwa kuwa tangu afiwe na mume hapati usingizi. Nikakujibu haraka haraka, "Amenisaidia sana, mpelekee," halafu nikasema salio linaisha. Salio lilikuwepo, mama. Kwenye simu nimekuwa mwongo. Ukiniuliza kazini vipi nasema salama, ukiniuliza nimekula nini nataja chakula cha juzi. Nikisikia sauti yako nashindwa kusema lolote baya, ndiyo maana leo nimechukua kalamu.

Sijakwambia kwa nini nilimfuga. Mwaka jana samaki walipoanza kupungua, pale kiwandani kila asubuhi msimamizi alikuwa anasimama mlangoni na karatasi, anasoma majina ya wanaoingia. Asiyesomwa anarudi nyumbani. Sisi wa mkataba tulikuwa tunaingia, lakini kila wiki mmoja wetu alikuwa anahamishiwa kule kwa vibarua. Nikaanza kusikia moyo unakimbia nikiwa nimesimama tu mbele ya meza, kisu mkononi. Mara moja nilishindwa hata kukata mnofu ulionyooka. Nikaenda zahanati nikidhani ni moyo. Yule daktari kijana akanipima presha, akaniuliza ninaishi na nani.

"Peke yangu."

"Huna mtoto?"

"Ninaye, yuko kwa bibi yake Makete."

"Baba yake?"

"Yuko Geita na familia nyingine."

Akaandika, akaandika, halafu akasema, "Dada, huu ni msongo wa mawazo. Dawa nitakupa kidogo, lakini na wewe usirudi kwenye chumba kisicho na kitu chenye uhai. Fuga hata paka."

Nilicheka, mama. Nilimwambia kwetu paka anafugwa kwa ajili ya panya, si kwa ajili ya moyo, na hata jina hapewi. Yeye hakucheka.

Wiki ile ile nikapita kwa mafundi seremala hapa Igoma, nikaona paka mdogo wa manjano amelala ndani ya maranda ya mbao, miguu myeupe. Fundi akasema mchukue, hapa atakanyagwa. Nikambeba kwenye kofia yangu ya kazi. Nikamwita Meneja, kwa sababu hakuna kazi anayofanya, anazunguka anakagua, na lazima ale wa kwanza. Panya mmoja alipita mbele yake wiki ya kwanza, akamtazama mpaka akaingia zake chini ya kabati.

Sasa nikujibu swali lako kwa ukweli. Alinisaidia. Miezi mitano alinisaidia kuliko vidonge. Nikirudi jioni nanuka samaki kiasi kwamba watu wanasogea, yeye ndiye pekee aliyekuwa anafurahia ile harufu. Alikuwa anapanda kifuani nikijilaza, anakoroma, na nilikuwa nasikia moyo wangu unapunguza mwendo taratibu, unamfuata. Nilikuwa naongea naye. Nilimweleza habari za msimamizi, habari za baba yake Lea, mambo ambayo wewe mwenyewe sijakwambia. Ndiyo maana ulisema sauti yangu imechangamka. Ndipo nilipopata ujasiri wa kukwambia sasa niko tayari, Januari mlete Lea aje asome huku. Kabla ya paka nisingeweza kusema hivyo. Nilikwenda shule hapa jirani wakaniandikia nafasi, nikamshonea sare kwa kukisia urefu, nikanunua godoro dogo. Meneja ndiye aliyelilalia wa kwanza.

Halafu akaugua.

Aliacha kula. Dagaa hataki, ugali wa mchuzi hataki, maziwa ananusa anageuka. Siku ya kwanza nilisema anadeka. Siku ya tatu nilimshika mgongoni nikahesabu mifupa. Mama, nilipata hofu ambayo sikuwahi kuipata hata siku msimamizi aliporuka jina langu akarudi kulisoma. Ule moyo ulianza tena, mbio zile zile. Muuza dawa za mifugo akaniambia, "Jaribu samaki mbichi asiye na miiba, mchemshie bila chumvi, ukimwona anaramba tu ujue amepona."

Ningeweza kununua. Nataka ulijue hilo, sikuwa na njaa na sikukosa cha kununulia. Soko la Igoma lina samaki mpaka jioni. Lakini siku iliyofuata nilikuwa nimesimama kwenye meza nasawazisha minofu ya sangara, na unaposawazisha unakata vile vipande vya pembeni, laini, havina mwiba hata mmoja, vinaangukia kwenye beseni. Miaka sita nimevikata. Miaka sita sijawahi kupeleka hata kimoja mdomoni wala mfukoni, na wenzangu walikuwa wananitania, wananiita mlokole wa minofu. Siku hiyo nilikuwa namfikiria yeye tu, kama nitamkuta hai. Nikajaza konzi moja kwenye glavu, nikaifunga fundo, nikaisukuma ndani ya buti. Sikutazama kulia wala kushoto. Nadhani kama ningetazama nisingefanya.

Getini mlinzi wa kike, ambaye tunasalimiana kila siku, alinipapasa kama kawaida, akaniambia nenda. Nikapiga hatua mbili. Akaniita, "Salome, mbona unachechemea?" Nikasema mguu unauma. Akasema kwa huruma kabisa, "Vua nikuone."

Wakanipeleka ofisini. Kulikuwa na msimamizi, na mama mmoja wa utumishi, mtu mzima, mwenye macho mapole. Ile glavu iko juu ya meza yake, inadondosha maji kwenye karatasi. Akaniambia nikae. Akasema, "Salome, faili lako ni safi. Sijaona onyo hata moja." Kisha akaniuliza, na naona sasa kwamba alikuwa ananifungulia mlango, "Una mtoto?"

"Ninaye."

"Hivi ni vya mtoto?"

Mama, kila mtu anasema ni vya mtoto. Wote waliowahi kushikwa walisema mtoto, wakaandikiwa onyo, wakakatwa mshahara wa siku tatu, wakarudi kazini. Hata wasio na mtoto husema mtoto. Nilijua. Lakini wewe ulitulea vipi? Siku ile Joshua alipoleta mahindi ya jirani, ulikataa hata kuyachoma, ukayarudisha mwenyewe mkononi, ukatuambia mtoto wa nyumba hii halishwi cha wizi na jina lake halitajwi penye wizi. Nilikuwa na miaka saba. Lilinikaa. Nilifungua mdomo nikaona siwezi kulitoa jina la Lea niliweke pale mezani karibu na ile glavu.

Nikasema, "Hapana. Ni vya paka."

Msimamizi akacheka. Yule mama hakucheka, uso wake ulibadilika tu. Akasema, "Sisi tunakuheshimu, tunakuuliza vizuri, na wewe unatuchezea?" Nikamwambia ni kweli, ni mgonjwa, hajala siku nne. Nikalia. Kadiri nilivyolia ndivyo alivyoona ni dharau. Akafunga faili. Barua waliyonipa imeandikwa wizi wa mali ya kiwanda, na viwanda vingine hapa Mwanza wakikuuliza ulikotoka, barua hiyo ndiyo wanayotaka kuiona.

Mama Kulwa, yule mwenzangu wa meza niliyekwambia ana mapacha, alinisubiri nje. Hakunipa pole. Alinigombeza mpaka kituoni. "Salome we! Ulishindwa nini kusema mtoto? Mtoto unaye kabisa! Unasema paka? Paka?" Alikuwa anafuta machozi na kanga huku anagomba. Nami ningeanzia wapi kumweleza habari za mahindi ya Joshua?

Sasa ni wiki ya saba. Mama Kulwa huyo huyo ameniombea kwa dada yake anayeanika dagaa upande wa Kamanga, kwa hiyo asubuhi navuka na kivuko, jioni narudi. Kazi ni kugeuza dagaa kwenye jua, kuokota taka, na kufukuza ndege na paka. Ndiyo, na paka. Wananijia pale, wamekonda, nawarushia vijiwe. Mvua ikinyesha hakuna kazi. Chumba kimelipiwa mpaka mwisho wa mwaka, baada ya hapo sijui.

Meneja alipona. Alipona mwenyewe siku ile ile, nilimkuta anakula dagaa wa jana yake, walewale aliowakataa. Nikakaa chini sakafuni na buti zangu nikamtazama. Nilitaka kumpiga na sikuweza. Bado anapanda kifuani, bado anakoroma, lakini moyo haumfuati tena. Unaenda zake na yeye anaenda zake. Nikimshika sasa namwona yeye, na naiona ile glavu.

Kwa hiyo kuhusu mama mdogo, mimi nasema hivi. Yule daktari hakunidanganya, paka anatuliza. Ila hakuniambia kwamba ukishampenda umeongeza mtu wa kumhofia. Mimi nilikuwa na hofu ya kazi, na ya Lea kunisahau sura. Nikaenda kutafuta dawa ya hofu hizo kwa mafundi seremala, nikarudi na ya tatu, na hiyo ya tatu ndiyo iliyozitimiza zile mbili za kwanza. Mpelekee, lakini mpelekee aliyekua, anayejua kuwinda, asiyemtegemea mtu kwa chakula. Na mwambie asimpe jina.

Usimlete Lea, mama. Nimezunguka maneno kurasa zote hizi kwa sababu sikutaka kuliandika hilo. Usimlete Januari. Sina pa kumweka wala cha kumlisha kwa uhakika, na sitaki aje anikute nafukuza ndege. Sare iko kwenye mfuko, imekunjwa, nitaituma ukisema, labda itafaa huko, rangi haitofautiani sana. Najua ameshawaaga wenzake. Najua utaniambia nirudi nyumbani. Tafadhali usiniambie bado, kwa sababu nikisikia ukisema nitarudi siku hiyo hiyo, na nikirudi hivi sitainuka tena. Sioni mbele, mama. Nakwambia ukweli, naamka asubuhi natafuta kitu kimoja cha kunisimamisha, nasimama kwa sababu kivuko hakisubiri.

Nisalimie Joshua na mkewe, mwambie wifi ile mbegu ya maharage niliyomwahidi bado sijaisahau. Nisalimie mama mdogo, umwambie nampa pole ya msiba kila siku hata kama sipigi simu. Nisalimie mchungaji mzee, na yule mama wa jirani mwenye mahindi, kama bado yuko hai, na usimweleze kwa nini nimemkumbuka.

Na Lea. Mwambie samaki wamepungua ziwani na kazi imekwisha. Si uongo, wamepungua kweli. Akinuna mwache anune, akisema hanipendi mwache aseme, usimchape. Lakini la paka usimwambie kamwe, mama, hata akiwa mkubwa, hata mimi nikiwa sipo. Kila nikija likizo huniuliza sangara ana ladha gani, na kila mara nilimwambia utaonja ukija. Nimeiba chakula mara moja tu katika maisha yangu, na sikuiba kwa ajili ya mwanangu.

Ni mimi binti yako,
Salome