Chatini Niliyotia Chumvi Mara Mbili

Jumamosi, saa tisa alasiri. Hapa mtaani Chanji upepo wa kipupwe unapita chini ya mlango hata ukiziba kwa gunia. Nimevaa sweta mbili. Mikono inanuka kitunguu saumu na sina haraka ya kuinawa.

Ni wiki ya sita tangu tumzike Mama. Sijalia bado. Kule kijijini kwetu Ilemba, siku ya mazishi, nilijifunika khanga usoni ili shangazi zangu wasione kuwa macho yangu ni makavu. Walidhani nimezidiwa na uchungu, wakanipepea. Niliwaacha wanipepee.

Tangu hapo ninachoweza kutengeneza ni chatini za kijani tu. Nimejifunza kwenye simu. Jumatatu ilikuwa ya parachichi na giligilani, Jumatano ya nanaa, na Alhamisi nilichanganya chochote chenye rangi ya kijani kilichokuwa kwenye friji, hata majani ya kitunguu yaliyoanza kusinyaa. Mtu angefungua friji yangu angedhani ninafuga ng'ombe.

Sababu yenyewe si ya kujivunia. Chatini haihitaji moto. Haihitaji kusimama jikoni ukikoroga huku unawaza. Unakata, unatia kwenye blenda, inapiga kelele, imekwisha. Dakika tano, na katika hizo dakika tano blenda inanguruma kiasi kwamba hata ukitaka kuwaza huwezi.

Ninayemlisha ni Baba. Baada ya matanga nilimwomba aje akae kwangu, maana kule Ilemba angebaki peke yake na nyumba na mahindi. Ana wiki mbili hapa. Kila siku namwandalia mezani: sahani ya wali, kijiko, na kibakuli cha chatini pembeni kama nilivyoona kwenye picha. Anachota kwa ncha ya kijiko, anasema, "Asante, mama," na sahani inarudi jikoni karibu kama ilivyokwenda. Suruali yake sasa anaifunga kwa kamba.

Akiniuliza mbona sikai nikala naye, namwambia nimeshakula kazini. Ni uongo. Pale steshenari Majengo nakunywa chai ya rangi, nafanya fotokopi za watu, basi.

Juzi akasema Jumatatu anarudi Ilemba. Nikamjibu, "Sawa, Baba."

Nilichosikia moyoni ni nafuu. Naandika hapa kwa kuwa sina pengine pa kusema. Najua mzee yule akirudi peke yake hatajipikia, atakunywa chai mpaka aishe, na bado nilichosikia ni nafuu kwamba sitaosha tena sahani iliyojaa. Baadaye ndipo nikaogopa, lakini hofu yenyewe ilikuwa mbali, kama ya mtu mwingine.

Leo asubuhi nilikwenda sokoni. Yule mama wa Kisukuma anayeniuzia maziwa mgando akaniuliza, "Mzee anakula?" Nikasema anakula. Akanitazama, akaniongezea upawa mmoja.

Nikatengeneza hii: mafungu mawili ya giligilani pamoja na vikonyo vyake, nanaa kidogo, pilipili mbichi mbili, punje tatu za kitunguu saumu, ndimu moja. Maziwa mgando usiyatie kwenye blenda, yatakuwa maji. Yakoroge mwishoni kwa kijiko. Nikatia chumvi, nikaonja, sikusikia kitu. Nikatia tena. Sikusikia kitu. Siku hizi kila kitu mdomoni mwangu ni baridi au moto, hakina jina lingine.

Nilipogeuka nikasikia harufu ya ulezi.

Baba alikuwa uani, amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, anasonga ugali. Baba yangu. Sijawahi kumwona ameshika mwiko maishani mwangu. Alikuwa amefungua kile kiroba cha unga wa ulezi alichokuja nacho, ambacho mimi nilikisukumia nyuma ya mlango siku aliyofika. Ugali ulikuwa na madonge, na moshi ulimfanya akohoe, lakini aliendelea tu.

Akautandaza mkeka sebuleni mwenyewe. Akaweka ugali katikati. Kisha akaja jikoni, akachukua bakuli lote la chatini, si kile kibakuli, akaliweka kando ya ugali. Akakaa. Akanawa. Akangoja.

Nikamwambia, "Karibu, Baba, kula kabla haujapoa."

"Kwetu aliyepika mboga ndiye anayechovya kwanza," akasema. "Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Wiki mbili nimemweka mezani peke yake na kijiko, mzee ambaye tangu sisi watoto tuondoke nyumbani alikuwa akila bakuli moja na mkewe, na Mama ndiye aliyeanza kuchovya kila mlo. Nilimwandalia kama mgeni wa hotelini, kisha nikashangaa kwa nini hali.

"Mimi nimeshakula kazini," nikasema.

"Kazini umekula nini?"

Nikakaa. Nikamega tonge, nikachovya, nikala. Akafuata yeye. Akatafuna taratibu, machozi yakamlengalenga, nikadhani amemkumbuka Mama.

"Umetia chumvi mara mbili," akasema. Akachovya tena.

Tukala hivyo, yeye tonge lake na mimi langu. Nilipotaka kunyanyuka baada ya tonge la tatu, akaniwekea mkono juu ya goti.

"Mama yako alipokuwa hospitali aliniambia neno moja," akasema. "Alisema, yule binti yetu akipatwa na jambo huwa halii, anaacha tu kula. Nenda ukakae naye. Sasa mimi nitakulaje na wewe huli?"

Nilidhani nimemleta mjini nimtunze.

Sikulia hata hapo. Ningependa kuandika kwamba nililia, ingefaa sana mahali hapa, lakini hapana. Nilikula tonge la nne, na la tano. La sita nikasikia pilipili, kisha chumvi, chumvi kali mno, sijui huyu mzee aliimezaje. Nikakunywa kikombe kizima cha maji, naye akacheka kidogo, kwa pua.

Hajasema kama Jumatatu anakwenda. Sijamuuliza. Sasa amelala palepale kwenye mkeka, nimemfunika blanketi. Bakuli liko tupu, na mimi nina njaa.